Jersey au Friesian: Namna ya Kumchagua Ng'ombe wa Maziwa kwa Kaya ya Pemba

Ng'ombe wa maziwa ni miongoni mwa vitu ghali kabisa ambavyo kaya ya kawaida ya Pemba hununua katika maisha yake. Hana dhamana ya kiwandani wala duka la kumrudisha. Kosa la uchaguzi aghalabu halionekani siku ya kununua. Hujitokeza miezi kadhaa baadaye, maziwa yanapopungua au mnyama anapokufa, na fedha ya karafuu ya msimu mzima ikazikwa naye. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kumwandalia mnunuzi somo hili, alisome kabla ya kutoa malipo yoyote.

Swali tunalolijibu ni moja, nalo huulizwa kutoka Micheweni hadi Mkoani: mwenye uwezo wa kununua ng'ombe mmoja wa maziwa amchukue wa damu ya Jersey au wa damu ya Friesian? Wote wawili ni ng'ombe wa kigeni waliozoeleka Afrika Mashariki, wote hufugwa kwa ajili ya kukamuliwa, na chotara wao huuzwa kwa maneno yale yale ya sifa. Hata hivyo hawakufanana katika gharama ya kuwaweka. Ushauri wetu kwa ufupi ni huu: mchague ng'ombe utakayeweza kumlisha katika mwezi mgumu kuliko yote wa mwaka. Sehemu zinazofuata zinaeleza sababu na namna ya kupima.

1. Asili ya ng'ombe hawa

Jersey amepewa jina la kisiwa alikotoka, kilichopo katika mlango wa bahari baina ya Uingereza na Ufaransa. Ni kisiwa chenye kilomita za mraba zipatazo 118 tu. Pemba ina ukubwa wa takriban visiwa vinane kama hicho. Mwaka 1789 wakaazi wake walipiga marufuku kuingiza ng'ombe kutoka nje, na kwa zaidi ya karne mbili ng'ombe wao waliendelea kuwa wa damu moja. Ni mnyama mdogo wa umbo, mwenye rangi ya kahawia kama ya paa, uso uliobonyea kidogo, macho makubwa na weupe unaozunguka pua. Jike aliyekomaa huwa na uzito wa baina ya kilo 350 na 450.

Friesian ametoka katika nyanda za majani za Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani, nchi tambarare, za baridi na zenye malisho mengi. Ana mabaka meusi na meupe, na mwili mkubwa: jike aliyekomaa hufikia kilo 550 hadi 650, na wengine huzidi hapo. Ndiye mashuhuri zaidi duniani kwa wingi wa maziwa.

Uzito huo ni wa ng'ombe wa damu kamili. Wanaouzwa kwetu kwa kawaida ni chotara, waliochanganywa na ng'ombe wa asili mwenye nundu au na jamii nyengine za nchi za joto, nao huwa wadogo zaidi. Lakini tofauti baina ya pande mbili huendelea kuonekana kwa watoto wao.

2. Majani: nani atayabeba?

Kanuni nyepesi ya ulishaji ni kwamba ng'ombe anayekamuliwa huhitaji kila siku chakula kikavu kinachokaribia asilimia 3 ya uzito wake. Majani mabichi ya tembo, sehemu yake kubwa ni maji. Katika kilo tano za majani hupatikana takriban kilo moja tu ya chakula kikavu. Tufanye hesabu kwa mfano. Chotara wa Jersey mwenye kilo 300 anahitaji kilo 9 za chakula kikavu, sawa na kilo 45 za majani mabichi. Chotara wa Friesian mwenye kilo 420 anahitaji kilo 12.6, sawa na kilo 63 za majani. Tofauti ni kilo 18 kwa siku, na kwa mwezi mmoja huzidi nusu tani.

Majani hayo hayafiki hori yenyewe. Hukatwa mabondeni na kupandishwa vilimani kwa kichwa au kwa baiskeli, na katika kaya nyingi kazi hiyo huwaangukia akina mama na watoto kabla ya skuli. Kwa hiyo anayetoa fedha asikate shauri peke yake. Wanaokata majani, kuteka maji na kusafisha banda wana haki ya kuulizwa kwanza, kwani wao ndio watakaolipa sehemu ya pili ya bei, nayo hulipwa kila siku.

Kadirio linalotumika sana kwa wafugaji wadogo ni eka moja ya majani ya tembo yaliyotunzwa kwa ng'ombe mmoja. Shamba la eka tatu lililogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 huenda leo linatumiwa na warithi kadhaa, tena limejaa mikarafuu, minazi na mihogo. Pima ardhi uliyonayo kwa hatua zako mwenyewe kabla ya kumpima ng'ombe. Mwenye nusu eka bado anaweza kufuga, ikiwa atapanda miti ya malisho kama lukina na gilirisidia katika mipaka ya shamba, na kuongeza pumba za mpunga au mashudu ya nazi. Lakini kwa nusu eka, mwili mdogo ni afadhali.

Maji nayo yahesabiwe. Chotara anayekamuliwa huhitaji lita 40 hadi 60 kwa siku, yaani ndoo mbili au tatu kubwa, na siku za joto huhitaji zaidi. Kadiri mwili na maziwa yanavyoongezeka, ndivyo na ndoo zinavyoongezeka.

Wazee husema kwamba ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Methali hiyo husemwa kama kwamba ni bahati tu. Ukweli ni kwamba ng'ombe aliyelala na njaa huchelewa kupata joto la kupandishwa, na akipandishwa huenda asishike mimba. Ng'ombe mkubwa asiyeshiba hutoa maziwa machache na hukaa muda mrefu bila kuzaa, wakati mdogo aliyeshiba huendelea na kazi yake. Hapo ndipo wingi wa maziwa uliosifiwa na muuzaji unapopotea.

3. Maziwa: lita au mafuta?

Katika kulishwa sawasawa na mahitaji yake, Friesian humshinda Jersey kwa lita. Jersey naye humshinda kwa uzito wa maziwa. Kilo moja ya maziwa ya Jersey wa damu kamili huwa na takriban gramu 50 za mafuta. Ya Friesian huwa na gramu 37 hivi. Kwa mfano, kilo 8 za maziwa ya Jersey zina gramu 400 za mafuta, na kilo 10 za Friesian zina gramu 370. Ndoo ndogo imetoa mafuta mengi zaidi.

Faida ya jambo hilo hutegemea unavyoyatumia maziwa. Ukiyauza mabichi kwa lita, mteja hakulipi kwa mafuta, basi lita nyingi ndizo fedha nyingi. Ukitengeneza mtindi au samli, au lengo lako la kwanza ni watoto wa nyumbani, maziwa mazito yana thamani kubwa zaidi. Jiulize pia kama una mnunuzi wa hakika wa lita za ziada. Maziwa hayangoji, bila ya barafu na bila ya mteja wa karibu, lita ya kumi huenda ikaharibika kabla ya jioni.

4. Joto la pwani

Ng'ombe wa asili ya nchi za baridi huanza kuona taabu joto linapopita nyuzi 25 hivi, na unyevunyevu huizidisha taabu hiyo. Hali hiyo ni ya kawaida kwetu, hasa wakati wa kaskazi. Mnyama huhema kwa haraka, hutoa ulimi, huacha kula mchana na maziwa hupungua. Mwili mkubwa hutoa joto kwa shida zaidi, na kwa sababu hiyo Jersey huvumilia pwani kuliko Friesian.

Tofauti hiyo haimaanishi kwamba Jersey aweza kufungwa kwa kamba juani kama wafungwavyo ng'ombe wa asili. Wote wawili wanahitaji banda lililo wazi pembeni ili upepo upite, sakafu isiyotuama maji, na maji ya kunywa muda wote. Paa la makuti hutoa kivuli chenye ubaridi kuliko bati, na gharama yake ya kuanzia ni ndogo.

5. Uzazi na ndama

Mimba ya ng'ombe huchukua miezi tisa na siku chache. Ndama wa Friesian huzaliwa na kilo zipatazo 40. Wa Jersey hukaribia 25. Tofauti hiyo ni ya uhai na kifo kwa mtamba mwenye umbo dogo. Mtamba mdogo aliyepandishwa mbegu ya Friesian huweza kushindwa kuzaa, akafa yeye na ndama wake. Unapoletewa huduma ya uhimilishaji, ambayo wengi huiita kupandisha kwa sindano, uliza mbegu ni ya jamii gani, na utake iandikwe katika kadi ya ng'ombe wako. Kwa mzao wa kwanza wa mtamba mdogo, mbegu ya Jersey ni salama zaidi.

Jersey naye ana udhaifu wake. Huelekea zaidi kupatwa na homa ya maziwa, hali inayotokana na upungufu wa chokaa mwilini siku za kuzaa. Ng'ombe huyumba, huanguka, masikio huwa ya baridi na shingo hujipinda ubavuni. Aweza kufa katika muda wa saa chache, lakini akipata dawa mapema kutoka kwa daktari wa mifugo mara nyingi huinuka siku ile ile. Mwenye Jersey awe na nambari ya simu ya daktari huyo kabla ya siku ya uzazi.

Akizaliwa dume, wa Friesian ana thamani zaidi: hukua haraka, hufaa kwa nyama na hata kwa gari la ng'ombe. Dume wa Jersey huwa mdogo na hupata bei ndogo.

6. Kiasi cha damu ni muhimu kuliko jina

Wanunuzi wengi huuliza jina la jamii na kusahau kuuliza kiasi. Ng'ombe mwenye nusu ya damu ya kigeni na mwenye sehemu saba za nane ni wanyama wawili tofauti, hata kama wote huitwa Jersey. Kadiri damu ya kigeni inavyozidi, uwezo wa maziwa huzidi, na ustahimilivu wa joto, kupe na njaa hupungua. Kwa kaya inayoanza, tunashauri chotara wa baina ya nusu na robo tatu. Anayeuza ng'ombe wa damu kamili kwa mtu asiyewahi kufuga anamuuzia mzigo.

Rangi si ushahidi wa damu. Wapo ng'ombe wa asili wenye rangi ya kahawia, na wapo wenye mabaka meusi na meupe. Ushahidi ni kadi ya upandishaji, hereni yenye nambari, na mama yake, ukiweza kumwona.

7. Kupe hawachagui

Pemba haikuwa na mbung'o, na Unguja ilitangazwa kusalimika nao mwaka 1997, baada ya kazi kubwa ya kuachia madume waliohasiwa kwa mionzi. Wapo wanaodhani kwa habari hiyo kwamba visiwa vyetu havina maradhi ya ng'ombe. Kupe wapo. Kupe wa kahawia wa sikioni huambukiza ndigana kali, ugonjwa unaovimbisha tezi chini ya sikio, kupandisha homa, kuleta shida ya kupumua na kuua, aghalabu ndani ya wiki chache. Jersey na Friesian wote hudhurika sana, kuliko ng'ombe wa asili aliyekulia katikati ya kupe.

Uliza kama ng'ombe amechanjwa dhidi ya ndigana kali, wapi na lini, na utake kuona hereni au cheti. Uliza pia alikolelewa. Ng'ombe aliyekulia Pemba na akazoea hali yake ana thamani kuliko mgeni mzuri wa sura aliyeshuka chomboni jana. Ukiagiza kutoka Unguja au Tanzania Bara, pata kwanza kibali cha maafisa wa mifugo, na usimsafirishe baharini ng'ombe aliye katika miezi ya mwisho ya mimba.

8. Kabla ya kulipa

Tunapendekeza ukaguzi ufuatao, na mnunuzi asione haya kuufanya mbele ya muuzaji:

Meno. Ng'ombe hupata jozi ya kwanza ya meno ya ukubwani karibu na miaka miwili, na jozi zote nne hukamilika kwenye miaka minne hadi mitano. Meno yaliyochakaa ni ya mzee, hata akiitwa mtamba.

Kiwele. Kipapase chote. Kiwe laini baada ya kukamua, bila ya uvimbe wala sehemu ngumu, na chuchu zote nne zitoe maziwa. Mabonge, damu au majimaji ni dalili ya ugonjwa wa kiwele.

Maziwa. Mkamue au mshuhudie akikamuliwa jioni, kisha asubuhi yake, na upime kwa chombo chako. Kuona mara moja hakutoshi, kwa sababu muuzaji aweza kuacha kukamua mara moja ili kiwele kijae.

Mimba. Usiinunue mimba kwa maneno. Daktari wa mifugo huweza kuithibitisha kwa mkono baada ya miezi miwili au mitatu.

Upacha. Uliza kama mtamba alizaliwa pacha na dume. Mitamba ya namna hiyo iliyo mingi ni tasa, nayo huuzwa kwa sura nzuri kwa sababu haijawahi kuzaa.

Ugonjwa wa kutupa mimba. Omba damu ipimwe. Ugonjwa huu huambukiza watu kupitia maziwa, na ndiyo sababu maziwa ya ng'ombe yeyote yachemshwe kabla ya kunywewa.

9. Andikeni

Mali bila daftari huisha bila habari. Mauziano ya ng'ombe yaandikwe hata baina ya ndugu, kwani maandishi hulinda udugu. Hati itaje majina ya muuzaji na mnunuzi, rangi, alama na nambari ya hereni, umri, kiasi cha damu kilichodaiwa, maziwa yaliyopimwa na siku yaliyopimwa, chanjo, mimba kama ipo, bei, kiasi kilicholipwa na kilichobaki. Itaje pia muda wa kurudishana ikiwa jambo lililodaiwa litathibitika si kweli. Itiwe saini mbele ya sheha na mashahidi wawili, na kila upande ubaki na nakala. Ni busara kuzuia sehemu ya malipo hadi majibu ya daktari yapatikane.

Anayepewa mtamba kwa sharti la kurudisha ndama jike wa kwanza naye aandikiane. Ielezwe nini kitafuata ikiwa atazaliwa dume, au ikiwa ng'ombe atakufa bila ya uzembe wa mfugaji.

Likitokea tatizo, usimchinje wala usimuuze ng'ombe kabla hajaonwa na daktari. Bila ya mnyama na bila ya hati, malalamiko yako hayatakuwa na pa kushika.

10. Basi, yupi?

Kwa kaya nyingi za Pemba zenye ardhi ndogo, zinazokata majani kwa mkono na kukusudia maziwa ya nyumbani na ziada ya kuuza, tunashauri chotara wa Jersey.

Chotara wa Friesian anamfaa mwenye eka moja au zaidi ya majani yaliyokwisha kupandwa, maji karibu na banda, msaidizi wa kazi, chakula cha ziada cha mwaka mzima, na wateja wa kudumu wanaonunua kwa lita. Kwake lita za ziada zitalipa gharama zake.

Asiyekuwa na majani wala maji kwa sasa, ng'ombe wa asili au mbuzi ni mwanzo wenye heshima. Wengi hununua pale fedha inapopatikana, ilhali majani ya tembo huhitaji takriban miezi mitatu tangu kupandwa hadi kukatwa mara ya kwanza. Panda na mvua za masika, jenga banda, kisha ndipo umtafute mnyama.

Maswali ya kujipima

Kaeni pamoja nyumbani na mjibu kwa maandishi:

1. Nani atakata majani kila siku, na siku akiumwa nani atashika nafasi yake?
2. Katika mwezi wa kiangazi kikali, majani yatatoka wapi?
3. Maji yapo umbali gani, na ni ndoo ngapi tunaweza kuziteka kwa siku?
4. Lita za ziada atazinunua nani, na kwa bei gani?
5. Daktari wa mifugo aliye karibu ni nani, na fedha ya dawa imetengwa?

Ikiwa maswali mawili au zaidi hayana jibu, subirini msimu mmoja. Fedha iliyowekwa itangoja. Ng'ombe mwenye njaa hangoji.